Maoni: Katika mchezo wa Civilization, nani alisema ardhi isiyoguswa haina mwenyewe?

Kijana wa Bukavu au wa Goma anayefungua Civilization VI na kuchagua Kongo anawekwa mara moja kwenye kiti cha Mvemba a Nzinga, mfalme aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 16. Ufalme ule ulikuwa upande wa magharibi, mbali sana na Kivu, na mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko ndani ya Angola. Hata hivyo jina ni jina, na kijana anafurahi. Ramani inafunguka. Mara nyingi, kuzunguka mji wake wa kwanza, anaona kijani kitupu: msitu mnene na mto unaopita katikati. Na hapo hapo mchezo unamwuliza swali ambalo hautaacha kumwuliza hadi mwisho: kipande hiki cha ardhi utakifanyia nini?

Wasioujua mchezo huu wadhani ni vita tu. Vita vimo, lakini si ndivyo vinavyoamua. Tangu Mmarekani Sid Meier na kampuni ya MicroProse walipoutoa mwaka 1991, Civilization inachezwa kwa zamu, kama drafti: mmoja anasogeza, mwingine anangoja. Ramani imegawanywa vipande vidogo, zamani vya pembe nne, na tangu mwaka 2010 vya pembe sita. Kila kipande kina chakula chake, nguvu yake ya ujenzi, pesa zake. Wakaaji wa mji wanatumwa kwenye vipande vinavyouzunguka, na kile wanachovuna ndicho kinacholisha mji, kinacholipa askari, kinachosomesha. Mchezaji mwenye jeshi kubwa na mashamba mabovu anaanguka. Mwenye mashamba mazuri na subira anafika mbali, hata kama alianza mnyonge.

Wazazi wengi wanalalamika kwamba watoto wanamaliza moto wa nyumba kwenye telefone na ordinatere. Malalamiko hayo yana haki yake, hasa pale umeme unapokuja saa mbili tu kwa usiku. Lakini kati ya michezo yote inayopita mikononi mwa vijana, huu ni mmoja wa michache inayomlazimisha mtu kufikiri juu ya udongo. Katika toleo la kwanza, mchezaji hakuweza kumwagilia shamba popote alipotaka. Ilibidi kipande kiguse mto, au bahari, au kipande kingine ambacho tayari kilikuwa na maji. Kwa hiyo mfereji ulitembea shamba kwa shamba, jirani akimpatia jirani maji. Mkulima wa bonde la Ruzizi hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Toleo la nne, la mwaka 2005, lilikuwa na somo gumu zaidi, na pengine ndilo bora kuliko yote. Mchezaji angeweza kujenga kijumba kwenye kipande cha majani. Kijumba hicho hakikutoa kitu cha maana siku ya kwanza. Ilibidi mkaaji atumwe kukifanyia kazi bila kukatiza: baada ya zamu 10 kikawa kitongoji, baada ya zamu 20 nyingine kikawa kijiji, na baada ya zamu 40 nyingine kikawa mji mdogo wenye kuleta pesa nyingi. Hesabu yake ni zamu 70 za kungoja, katika mwendo wa kawaida wa mchezo. Kisha adui anatuma farasi mmoja. Kila akipora, kipande kinashuka ngazi moja, na adui anaingiza pesa mfukoni. Kwa muda mfupi tu, kazi ya zamu 70 inarudi majani.

Kuna wachezaji wa Ulaya wanaoona sehemu hiyo kuwa hesabu tu. Mtu aliyekimbia Masisi au Rutshuru na kurudi kukuta mahindi yamevunwa na mlango umechomwa kuni anaiona kwa jicho lingine. Na mchezo unaendelea kuwa mkweli hapo kuliko hotuba nyingi: uporaji unalipa. Katika matoleo ya karibuni, askari aliyejeruhiwa akipora shamba la jirani anapona sehemu ya majeraha yake. Mfanyakazi asiye na mlinzi anakamatwa, na zamu inayofuata anaanza kulima upande wa waliomkamata. Waliotunga kanuni hizo hawakuwa na Kivu akilini, lakini waliandika namna vita vinavyojilisha.

Kuhusu huyo mfanyakazi, historia yake ndani ya mchezo inasema mengi. Mwaka 1991 kazi yote ya kulima na kujenga barabara ilifanywa na wale wale wahamiaji waliotumwa kuanzisha miji. Mwaka 2001, toleo la tatu lilimpa mfanyakazi sura yake mwenyewe: mtu mwenye jembe anayeonekana kwenye ramani, anayehitaji zamu kadhaa kumaliza shamba, na anayehamia lingine. Toleo la tano, la mwaka 2010, likaongeza kwamba barabara si ya bure hata baada ya kujengwa. Kila kipande cha barabara kinakula pesa kila zamu. Hapo wapo wasomaji watakaotabasamu, wakikumbuka barabara zilizofunguliwa kwa mikasi na ngoma, kisha zikaachiwa mvua. Mwaka 2016, toleo la sita likaweka mjenzi mwenye kazi tatu tu. Anajenga shamba, anajenga mgodi, anajenga shamba la kahawa, anatoweka. Anayetaka zaidi amlipie mwingine. Na Februari 2025, toleo la saba likamwondoa kabisa. Mji unapoongezeka watu, mchezaji anachagua kipande, na shamba linatokea lenyewe.

Watengenezaji wana sababu. Mwishoni mwa mchezo, kusogeza wafanyakazi arobaini kila zamu kulichosha, na wengi walikuwa wanawaachia mashine iwaendeshe. Lakini kilichoondolewa si uchovu peke yake. Aliyemwona mjenzi wake akitembea zamu tatu kuvuka kilima ili afike kwenye kipande kimoja alijua kwamba shamba lina mtu nyuma yake. Katika toleo jipya shamba ni uamuzi wa mkubwa, na mkono hauonekani. Hiyo ni picha ya maendeleo ambayo watu wa inchi hii wameiona mara nyingi: mpango umeandikwa, kibao kimesimikwa, na anayeshika jembe siku ya salongo hatajwi popote.

Msitu, hata hivyo, ndio unaobeba jambo zito zaidi.

Katika Civilization VI, mjenzi akifika kwenye kipande chenye miti ana njia mbili. Anaweza kuuacha msitu na kuuvuna polepole, au kuukata. Akiukata, mji unapokea mara moja rundo la nguvu ya ujenzi, na kama ni msitu mnene wa joto, unapokea pia chakula. Jengo lililohitaji zamu kumi linaweza kusimama kwa zamu tatu. Kwa sababu hiyo wachezaji hodari hukata karibu kila kitu, na wanafundishana namna ya kukata kwa wakati unaofaa. Ni hesabu ya makala: gunia moja leo barabarani, badala ya kivuli cha miaka. Na wanaokata makala karibu na Goma hawafanyi hivyo kwa upumbavu. Wanafanya kwa sababu mtoto anataka kula leo. Mchezo unaelewa haraka hiyo, na hauihukumu.

Lakini unaficha bei yake kidogo. Baadaye sana, mjenzi anaruhusiwa kupanda miti. Atapata msitu wa kawaida, wa aina ya Ulaya. Msitu mnene wa joto hawezi kuupanda. Aliyeukata ameukata. Kanuni hiyo imeandikwa bila kelele, na mchezaji anaigundua tu siku anapotafuta kitufe ambacho hakipo.

Kuna pia kanuni ya mvuto, yaani uzuri wa mahali, ambao unaamua watu wangapi watapenda kuishi hapo. Kipande kilicho karibu na miti ya kawaida kinaongezewa alama moja ya uzuri. Kipande kilicho karibu na msitu mnene wa joto kinapunguziwa alama moja, sawa sawa na kilicho karibu na mgodi. Msomaji arudie sentensi hiyo akitaka. Kwa akili ya mchezo huu, kuishi karibu na msitu wa aina ya Ituri au Kahuzi kunachukiza kiasi kile kile cha kuishi karibu na shimo la wachimbaji. Brazil peke yake imepewa msamaha. Ikiongozwa na mfalme wake Pedro, msitu wa Amazon unaongeza uzuri badala ya kuupunguza. Bonde la Kongo, lenye msitu wa pili kwa ukubwa duniani baada ya huo wa Amazon, halikupata msamaha huo.

Haki lazima itendeke: mchezo huo huo unajua pia kwamba msitu mnene unafundisha. Mtaa wa shule ukijengwa kando ya vipande viwili vya msitu wa joto unaongezewa elimu, na katika toleo la tano, chuo kikuu kilivuna elimu moja kwa moja kutoka msituni ambao haukukatwa. Kwa hiyo waliobuni walijua kuna mali pale. Walikosea tu kudhani kwamba mali hiyo ni ya wasomi wanaokuja kuutazama, na kwamba mkaaji mwenyewe angeukimbia kama angeweza.

Na hapo linakuja neno lenyewe ambalo mchezo unategemea tangu mwaka 1991. Kipande kinagawanywa katika hali mbili: kilichoboreshwa na kisichoboreshwa. Kisichoboreshwa kinasubiri. Nje ya mipaka ya miji, ardhi haina mwenyewe hata kidogo, na anayefika kwanza na kusimika mji anaichukua. Vijiji vidogo vipo huko porini, ndiyo. Askari wa mchezaji akikanyaga kijiji kama hicho, kijiji kinampa zawadi, labda pesa, labda ujuzi fulani, kisha kinatoweka kwenye ramani. Hakuna anayeuliza watu wake wamekwenda wapi.

Mkongomani anapaswa kusimama kidogo mbele ya kanuni hiyo, kwa kuwa iliwahi kuandikwa juu yake kwa wino wa kweli. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Léopold II ilitoa amri kwamba ardhi zisizokaliwa zihesabiwe kuwa mali ya Leta. Maneno machache. Ndani ya maneno hayo viliingia mapori ya kuwindia, misitu ya mpira na mashamba yaliyokuwa yamepumzishwa. Aliyekuwa ameacha kilima chake miaka minne ili udongo upate nguvu aliambiwa kwamba hakina mtu. Msitu ambao ukoo ulikuwa unachimba dawa na kukusanya asali ndani yake ulionekana mtupu, kwa vile haukuwa na shamba la mistari iliyonyooka.

Uhuru haukufuta wazo hilo lote. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya Leta isiyouzwa, na ikamtaka mwenye konsesioni aiendeleze la sivyo anaweza kuipoteza. Kuhusu ardhi za jamii za kienyeji, iliahidi kwamba haki zao zitapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri, na miongo ikapita bila ordonansi hiyo. Kati ya ahadi na utekelezaji ndipo penye kesi zinazojaza mahakama na barza za wamwami: mwenye karatasi ya mji mkuu akisema kilima kilikuwa bure, na familia ikisema babu yao alitoa kalinzi kwa ajili ya kilima hicho, na kwamba hakikulimwa msimu huu kwa kuwa kilikuwa kinapumzika, au kwa kuwa wenyewe walikuwa kambini wakingoja amani.

Katika mchezo, shamba halipumziki kamwe. Linaweza kulimwa miaka elfu sita, zamu kwa zamu, na linatoa chakula kile kile. Mgodi hauishi. Hautii tope mtoni, haufukuzi mtu, hauporomoki na watu ndani. Ajabu ni kwamba toleo lililoongezwa mwaka 2019, linaloitwa Gathering Storm, lilifungua mlango wa mambo ya namna hiyo. Ukichoma makaa ya mawe na mafuta mengi, bahari inapanda na vipande vya pwani vinazama. Mto unafurika, na volkano zinalipuka. Moto wa volkano unaharibu mashamba, lakini baadaye udongo wa hapo unazaa zaidi kuliko mwanzo, na mjenzi anayekuja kukarabati hapotezi hata kazi yake moja. Wakaaji wa Goma, waliouona moto wa Nyiragongo mwezi Januari 2002 na tena mwezi Mei 2021, wanaweza kuthibitisha sehemu zote mbili za kanuni hiyo: nyumba zilizomezwa, na maharagwe yanayostawi kwenye udongo mweusi wa zamani. Sehemu ya ukarabati usiolipiwa wataitilia shaka.

Kwa hiyo watengenezaji wanaweza, wakitaka. Na ushahidi mkubwa zaidi kwamba wanaweza ni Kongo yenyewe, ile iliyowekwa ndani ya Civilization VI. Mataifa mengine yote hungoja karne za karibuni ili kujenga mitaa ya makazi, na wingi wa watu watakaoingia humo unategemea ule uzuri uliotajwa. Kongo inapata mtaa wake mwenyewe, unaoitwa Mbanza. Unakuja mapema, kwenye wakati wa vyama vya mafundi. Unapokea watu wengi bila kujali alama za uzuri, na unatoa chakula na pesa. Sharti lake ni moja, na ni sharti la ajabu katika mchezo wa kukata miti: Mbanza haijengwi ila penye miti, kwenye msitu mnene au msitu wa kawaida. Mchezaji wa Kongo aliyefyeka kila kitu ili kujenga haraka anafika wakati huo na kukuta hana mahali pa kuweka watu wake.

Ni kweli kwamba miti ya kipande chenyewe inaondoka Mbanza inaposimama. Kanuni hii haikuandikwa na watakatifu. Lakini inamlazimisha mchezaji kufanya kitu ambacho mchezo wote uliobaki haumwombi. Lazima atazame kipande ambacho hakijaguswa na kukiona kuwa tayari kimepangiwa watu. Anakihifadhi kwa ajili ya wajukuu, ingawa leo kingempa ghala kwa zamu tatu. Hiyo ndiyo hesabu ya mzee anayekataa kuuza kilima cha mwisho, na kwa mara moja mashine inampa haki.

Watasema ni mchezo tu. Ndiyo, ni mchezo, na mamilioni wameucheza. Wengi wao hawatasoma sheria ya mwaka 1885 wala ile ya mwaka 1973, ila watakuwa wamezoea kwa vidole vyao kwamba ardhi isiyoguswa ni ardhi inayosubiri mtu wa kuichukua. Mazoea ya namna hiyo hayabaki kwenye kioo cha telefone. Baadhi ya wachezaji hao watakuwa kesho waajiriwa wa kampuni za madini, wa ofisi za kadastre, wa miradi ya hifadhi. Hata mbuga ndani ya mchezo ina sharti lile lile: vipande vinne vilivyoungana, visivyo na shamba lolote. Batwa waliotolewa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970 wanaijua kanuni hiyo kabla ya kompyuta kufika Kivu.

Kulalamika kwa wenye Civilization, walioko Marekani, hakutaleta kitu kesho. Kuna njia nyingine iliyo karibu. Upo mchezo unaoitwa Unciv, uliotengenezwa na watu wanaojitolea kwa kufuata mfano wa toleo la tano. Ni wa bure, ni mwepesi, unaingia kwenye telefone ya Android ya bei ndogo, na ukishapakuliwa hauhitaji intaneti ili kuucheza. Kanuni zake zimeandikwa kwenye mafaili ya maandishi ambayo mtu anaweza kuyafungua, kuyabadilisha na kuwagawia wengine. Freeciv, ulioanzishwa na wanafunzi wa Denmark mwaka 1995, unaruhusu jambo hilo pia.

Vijana wanaosoma informatike Bukavu, Goma, Bunia na Uvira wana uwezo wa kazi hiyo. Waandike shamba linalochoka likilimwa bila kukoma, na linalopata nguvu likiachwa zamu kadhaa. Waandike mgodi unaopunguza chakula cha vipande vilivyo chini yake kwenye mto. Waondoe ile alama ya kutoa kwenye msitu mnene. Na kile kijiji cha porini, askari akikifikia, kibaki pale pale kwenye ramani, na mchezaji alazimike kukaa chini na mkubwa wake kabla ya kusimika mji kando yake.